Bunge Lisilo na Mlango

Wilhelmina wa Pangani, Kibaha, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kukubali kwanza, kuogopa baadaye. Binti yake Monica, mwalimu mpya wa uraia huko Kisarawe, alimpigia simu kumwomba keki ya mahafali yenye umbo la Bunge. Akajibu papo hapo, "Hilo tu? Bunge si naliangalia kwenye runinga kila siku!"

Simu ilipokatika ndipo akagundua kwamba runinga haijawahi kumtoa nje ya ukumbi. Kiti cha Spika alikijua, siwa aliijua, hata wanaosinzia aliwajua kwa viti vyao. Lakini jengo lenyewe likoje? Miaka yote hiyo kakaa sebuleni kwa watu, nyumba yao haijui.

"Unatetemeka nini?" akauliza mumewe, Lucian.

"Sitetemeki. Nachekecha unga."

"Unga bado uko kwenye mfuko, mama Monica."

Jirani yao, Swaumu, akaja na ushauri. Utotoni alipelekwa na shule Karimjee, Dar es Salaam, wakati Bunge likikaa pale, kabla halijahamia Dodoma.

"Jeupe, limetulia kama bibi harusi," akasema. "Oka hilo, shoga yangu."

Wilhelmina akaoka hilo. Akaweka moto chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko, akawa anaufunua kila alipoingiwa na wasiwasi, yaani kila mara. Keki ikatoka imebonyea katikati kama godoro la mgonjwa. Akaziba shimo kwa sukari ya kupambia, akachora madirisha mengi, akajipongeza.

Jioni Monica akatuma picha ya jengo la Dodoma, na paa lake kubwa la mviringo. "Ni hili, mama. Nimeshamwambia mkuu wa shule mama yangu halikosei."

Mayai yalikuwa yamekwisha. Wilhelmina akakwangua mchanganyiko uliobaki, akauoka ndani ya bakuli la bati, likapatikana paa. Kesho yake wakakodi gari la Omary, kijana wa mtaani kwao, wakashika njia ya Kiluvya. Lucian kapakata Karimjee, yeye kapakata Dodoma.

"Omary, shimo!"

"Mama, hicho ni kivuli."

"Kivuli nacho kikwepe!"

Shuleni wakalipachika paa juu ya jengo, kitambaa kikaondolewa. Mkuu wa shule, mwalimu Hussen, akainama, akaizunguka meza pole pole.

"Shikamoo mama. Samahani, hili ni Bunge la wapi?"

Monica akatazama viatu vyake. Wilhelmina alipoiona shingo ya mwanawe imeinama mbele ya walimu wenzake, alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Kisarawe haikupasuka. Mdomo wake ukamtangulia, kama kawaida yake.

"Marahaba, mwalimu. Chini ni Karimjee, juu ni Dodoma. Mimi nimelikuta linahama."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kabla hakijatulia, binti mmoja wa kidato cha nne akasimama mstari wa mbele.

"Mama, wabunge wanaingilia wapi?"

Wilhelmina akaizunguka keki yake. Madirisha pande zote, mlango hakuna. Mabega ya Monica yakaanza kutikisika. Nimemliza mtoto mbele za watu, akawaza, na kanga ya kumfuta machozi nimeisahau garini. Monica akainua uso: alikuwa anacheka mpaka hana pumzi. Akachukua kisu kwa mshereheshaji, akamkabidhi mama yake.

"Mama, malizia kazi yako."

Wahitimu wakahesabu kwa sauti kama ilivyo ada: moja, mbili, tatu! Wilhelmina akakata mbele, katikati. Paa likainama, Lucian akaliwahi kwa mikono miwili, sukari ikamganda hadi viwikoni.

"Mlango huo," akasema Wilhelmina. "Karibuni ndani."

Monica akamlisha kipande cha kwanza huku watu wakipiga vigelegele. Wilhelmina akatafuna kwa makini, uso umekunjamana. Ile chumvi kidogo ya kwenye unga, aliitia kweli?