Soksi za Mkwe

Jumamosi, kwenye meza ya soksi karibu na mpaka hapa Tunduma, kando yangu mama mmoja wa Ihanda alikuwa akivuta soksi nene za sufu kupima unene wake.

"Za mzee, mama?" muuzaji akauliza.

"Za mkwe wangu mtarajiwa, Mzambia. Alikuwa aje kujitambulisha. Tukapika, tukangoja. Dada yake akamtumia binti yangu ujumbe: 'He got cold feet.' Miguu imeshikwa na baridi, maskini."

Muuzaji, ambaye huwauzia Wazambia kila siku, alinitazama. Mimi nikatazama soksi. Wote wawili tulijua kwamba kwa Kiingereza husemwa hivyo mtu anapoogopa na kughairi.

"Binti naye anasemaje?" akauliza taratibu.

"Yule msomi wetu? Nilimwambia nakuja kununua soksi. Akasema, 'Sawa, mama,' akaingia chumbani, akafunga mlango."

Kwetu mwanaume akighairi tunasema amekimbia, na aliyekimbia hatumnunulii soksi.

Muuzaji akazitia kwenye mfuko. "Na binti je, humchukulii jozi?"

Mama akacheka. "Aa, yule hana baridi."