Kalia Nyama, Usikalie Mfupa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwa stoo ya nafaka pale Bulla Pesa, niliinamia gunia la mahindi miguu imenyooka, vile tulizoea kuinamia mtungi kisimani. Nyapara wetu, Guyo, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe msichana! Ngamia mwenyewe hukaa chini ndio apakiwe. Wewe ni mkubwa kumshinda?"

Akanionyesha. Visigino chini, magoti yafuate vidole, mgongo usikunjike, ushuke mpaka paja lilalie kigimbi, ile nyama ya nyuma ya mguu. "Kalia nyama, usikalie mfupa," akasema. Ukishuka nusu ukabaki hapo, goti linabeba peke yake, na kano iliyo chini ya kifuniko chake inavutwa kama kamba ya ndoo. Ukifika chini kabisa, nyama inagusana na nyama, inapokea uzito kidogo, goti linapumua. Hivyo ndivyo tulikuwa tunangoja lori, na umbea wote wa mji tuliumaliza hapo. Nkirote, mwenzangu Mmeru, alikuwa na mapaja ya maana. Alikuwa akitucheka sisi wembamba: "Mimi nilikuja kazi na kiti changu!"

Baadaye nilipelekwa Garbatulla. Mkuu wa stoo, Hussein, hakutaka kuona mtu amechuchumaa. "Hapa ni kazi, si choo!" Tukasimama kutwa. Magoti yaliniuma kuliko siku za kubeba.

Sasa nimestaafu, na kustaafu hakujanikubali. Nikikaa, miguu inatafuta lori. Goti la kulia lilivimba, daktari akasema niswali kwa kiti. Watoto wakaleta kiti cha plastiki. Wenzangu wote paji la uso liko kwa mkeka, langu linaning'inia hewani kama nguo kwa kamba. Sikutaka kufa hivyo.

Mjukuu wangu Rukia, anayeniita Ako, yaani nyanya, hubeba vyuma jimu. Nikamwambia anirudishe chini, nikamwambia na neno la Guyo. Akanifinya paja.

"Ako, nyama ya kukalia imeisha. Umebaki mfupa."

"Nyamaza, na wewe utazeeka."

Daktari alikubali, mradi iwe pole pole. Nikaanza kukaa na kuinuka kwa kiti, kisha kwa ndoo iliyopinduliwa, kisha kwa kigoda. Rukia akakunja leso yangu nene, akaiweka kati ya paja na kigimbi. "Hii ndiyo nyama yako kwa sasa."

Jana, kwa swala ya alasiri, nilisukuma kiti kando. Nikashuka na leso yangu. Paji likagusa mkeka, baridi, na harufu ya vumbi. Nikasujudu mara ya pili. Kushuka nilikuwa nimekujua. Kuinuka ndiko nilikokuogopa. Rukia, mlangoni, akasahau niko kwa swala.

"Ako, nikushike?"

Nikakanyaga visigino kama niliyebeba gunia, goti likalia, nikasimama. Leso ikaanguka kwa mkeka. Zilikuwa zimebaki rakaa tatu.