Nestory na Kompyuta ya Turbo

Jirani yangu Nestory wa hapa Mkuyuni hajawahi kujua kitu akakinyamazia, na asichokijua ndicho hukipigia kelele zaidi. Mwaka 1996, kila mtu alipogeuka mfanyabiashara, aliuza cherehani ya mkewe Rebeka, iliyokuwa ikilisha nyumba nzima, akanunua kompyuta ili afungue ofisi ya kuchapa. Alimwapia mkewe kwamba kabla ya Krismasi angemrudishia cherehani mpya, tena ya umeme.

Sikumwona akichapa barua hata moja ikaisha. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha turbo, cha kuongeza kasi, namba nyekundu ziruke mbele ya kasha la kompyuta, kisha atutazame kana kwamba kazizaa yeye.

"Prosesa hiyo!" alisema. "Inafikiri kuliko mkoa mzima."

Upuuzi mtupu. Kwa kuogopa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi, aliziba matundu yote ya kasha kwa sponji ya godoro. Juu akatandika kitambaa cha kufuma, maana kwetu hata redio isiyo na kitambaa ni ya mhuni. Ikawa asubuhi inafanya kazi, mchana inaganda.

"Imechoka," alieleza, nasi tukatakiwa tuamini.

Siku mzee Antoni alipofuata kadi za harusi ya binti yake, kompyuta ilitoa harufu ya kuungua, ikazimika. Nestory akasema karogwa. Rebeka alichukua bisibisi akafungua kasha, tukainama wote kuangalia.

Juu ya prosesa palikuwa na feni ndogo ya kuipoza. Mapanga yake yalikuwa yamefungwa kwa uzi wa bluu, fundo juu ya fundo.

"Ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga," Nestory alijitetea. "Wateja wangetucheka."

Rebeka aliushika ule uzi, wa kushonea sare za shule.

"Baba Masalu," alimwambia mumewe, "hiki ndicho kilichokuwa kimebaki cha cherehani yangu."

Siku hizi Rebeka anashona mtaa wa Mabatini, kibarazani kwa fundi mwenzake Zakia, kwa cherehani ya Zakia. Nestory bado kaifunika maiti yake ya kompyuta kwa kitambaa, na mgeni akinyoosha mkono humkemea. Juzi alinisimamisha njiani, suruali iliyochanika mkononi, bila haya hata chembe.

"Unapita Mabatini? Mpe mama Masalu anishonee. Mwambie atumie ule uzi wa bluu. Ule haukatiki."