Barafu Haisubiri Magoti

Mwanangu, nimesikia kwamba wewe na wenzako mtapanda Ngorongoro kwa baiskeli, siku nne, mkiwaongoza wageni. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujafunga mizigo, kaa kidogo nikusimulie asubuhi moja ya ujana wangu ambayo magoti haya hayajaisahau mpaka leo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mafuta yalikuwa adimu, hata Landrova ya kituo chetu cha afya pale Karatu ikageuka kiota cha kuku. Watoto wa Kakesio, kijiji cha ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro, walikuwa wanangoja chanjo, nayo ilipaswa kufika ndani ya siku tatu, kabla barafu ya kwenye sanduku haijayeyuka. Tukapangwa wawili kwenda kwa baiskeli: mimi, mhudumu kijana, na Mzee Gwandu, mchanjaji wa miaka hamsini na ushei, mwembamba kama fito.

Wiki tano kabla ya safari aliniambia, “Kijana, anza kupanda kilima cha Buger. Leo panda, kesho pumzika, keshokutwa panda tena. Ukizoea, ongeza mzigo.”

Nikacheka moyoni. Nilikuwa mshambuliaji wa timu ya mpira, na siku za mnada hakuna aliyenipita kwa baiskeli kwenye tambarare. Nikapanda Buger mara moja tu, nikatangaza kwamba niko tayari. Ujana, mwanangu, ni moshi; ukiondoka ndipo unaona ulipokuwa umesimama.

Siku ilipofika nikadai kulibeba sanduku mimi. Mzee Gwandu alikula makande bakuli zima. Mimi nilikunywa chai ya rangi nikasema yatosha. Tulingoja jua lichomoze vizuri kwa kuogopa nyati, ndipo tukaingia msituni. Baiskeli zetu zilikuwa zile nyeusi za Kichina, nzito, zisizo na gia. Kona ya kwanza nikamwacha. Ya pili sikumwona tena. Nikaimba!

Ya tano sijui kama niliimaliza. Paja lilikaza kama gogo, macho yakaingia giza, nikaanguka kwenye udongo mwekundu, nikatapika ile chai. Nilikuwa bado nimelikumbatia sanduku wakati Mzee Gwandu alipotokea kwenye ukungu, akitembea na kuisukuma baiskeli yake, hatua kwa hatua, wala hahemi. Hakunicheka. Alinipa maji na kiazi kitamu, tukajikokota pamoja hadi kambi ya watengeneza barabara kule juu. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami ukingo wangu ulikuwa ule wa kreta yenyewe.

Asubuhi magoti hayakukunjika. Nikamwomba anisubiri hadi mchana.

“Mwanangu,” akasema, huku akilifunga sanduku kwenye baiskeli yake, “barafu haisubiri magoti.”

Akaenda peke yake. Nilimtazama akipotea kwenye majani, nikalia kama mtoto. Siku nne nilikaa pale nikiwaza: je, akianguka na yeye? Wale watoto watapata nini kwa majigambo yangu?

Aliporudi nilimkimbilia nikichechemea. “Ulifika?”

“Nilifika. Barafu ilibaki kidogo tu, lakini ilitosha.” Akakaa, akavua viatu. “Una nguvu kunishinda. Ila mlima wa siku moja hupandwa kwa nguvu, na mlima wa siku tatu hupandwa kwa mazoea. Mwezi ujao kuna chanjo ya pili. Utakuja?”

Tuliporudi nyumbani, kesho yake nililala. Keshokutwa yake nikaanza Buger. Kwanza bila mzigo, kisha na debe la mchanga, kisha siku mbili mfululizo, ili mwili ujifunze kuamka na uchovu wa jana na bado uende. Nilijifunza kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu, na kushuka kusukuma bila kuona haya.

Mwezi uliofuata tulifika Kakesio pamoja, nami ndiye niliyebeba sanduku. Mama mmoja wa Kimaasai, kichanga mgongoni, akanitazama.

“Wewe ndiye yule aliyeshindwa na mlima?”

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. “Ndiye mimi, mama. Nipe mtoto.”

Basi, mwanangu, nguvu za kuonyesha watu haziwezi safari ndefu. Anza mapema, kidogo kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Pumzika ukiwa bado waweza, na usimwache nyuma mtu ambaye kesho utamhitaji. Ukishindwa, usijifiche: rudi kwenye kilima kidogo uanze upya.

Mungu akupe mapafu mapana na moyo mnyenyekevu. Akulinde kwenye kila kona, akufikishe juu pamoja na wote uliotoka nao chini.