Kisigino cha Sebuleni

Teodora Masalu alikuwa ameanguka mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja mguu wake mwenyewe ndio uliomchongea. Ndani ya mguu huo wa bandia, pale kwenye muundi, walimwekea kidude kidogo kama kizibo cha soda. Kilihesabu hatua, kikapima mwinamo, na akianguka kilituma taarifa hospitalini kupitia simu yake kabla hajamaliza kujizoa sakafuni. Zamani mtu alianguka, akajifuta vumbi, yakaisha. Siku hizi unaanguka Mabatini, hapa Mwanza, wataalamu walioko ng'ambo wanajua kabla ya jirani yako.

Kanuni za mradi wa majaribio uliompa mguu huo zilikuwa kwenye karatasi aliyotia sahihi. Asiongeze wala kupunguza kitu chochote kwenye mguu. Na atakayeanguka mara kumi na mbili kabla ya miezi sita kwisha, mguu utarudi hospitalini, apewe mtu mwingine anayeuweza. Teodora alikuwa amebakiza wiki sita, na anguko moja tu.

Mguu wake wa kuzaliwa ulikwenda na ajali ya pikipiki, miaka miwili nyuma. Akapewa magongo, nayo magongo hayasuki nywele. Teodora ni msusi wa majumbani: anaitwa, anakwenda, anasimama nyuma ya mteja saa tano au sita, mikono yote miwili ikiwa kichwani mwa mtu. Mwenye magongo mikono yake ina kazi nyingine. Mwaka mmoja na nusu alikaa kwa dada yake Rose akichambua mchele, akiwasikia wateja wake wakipita nje na vichwa vilivyosukwa na wengine, tena ovyo.

Ndiyo maana mguu ulipokuja alilia mbele za watu. Simu ilipiga picha kigutu chake kila upande, mashine ikachapa plastiki tabaka kwa tabaka, na siku ya tatu akavaa mguu uliomkaa kama amezaliwa nao. Hakubishana na teknolojia, aliishukuru. Akarudi kwenye vichwa vyake, na hapo ndipo alipoanza kuanguka.

"Mguu unanisukuma kwenda nyuma," alimwambia Elias, kijana wa viungo bandia, baada ya anguko la tatu.

Elias aliangalia kishikwambi chake. "Mama, kompyuta inaonyesha pembe zote ziko sawa."

"Kompyuta imeanguka mara ngapi?"

Elias alicheka kwa adabu. Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi Teodora, maana mtu mbaya angemgombeza akapumua. Wataalamu wa mbali walipoletewa taarifa waliandika kwamba mgonjwa afundishwe kutembea upya. Akafundishwa. Alitembezwa kwenye korido ya hospitali, sakafu imenyooka, miguuni viatu vyeusi vya mradi, naye akatembea kama mwalimu mkuu siku ya mahafali. Elias akafurahi, akaandika. Teodora akarudi Mabatini, kesho yake akaanguka kwenye zulia la mteja, kitana mkononi.

Walimfundisha mara ya pili, na ya tatu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na hospitali hiyo ililishika neno lao kikamilifu. Aliulizwa uzito, umri, namba ya simu, na kama anatumia pombe. Swali la pombe aliulizwa mara nne. Alianguka wapi, akifanya nini, halikuwemo kwenye fomu.

Rose ndiye aliyegundua jambo, ingawa aligundua nusu.

"Barabarani huanguki," alisema. "Sokoni huanguki. Unavuka kizingiti cha mtu, unaanguka. Mdogo wangu, nyumba za watu zimezindikwa."

Teodora angecheka, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini mengi. Kweli alipovuka kwenda Kamanga kumsuka bibi harusi, kivuko kiliyumba hadi watu wenye miguu yao miwili wakashika nguzo, yeye akasimama imara. Alipoingia sebuleni kwa watu akaanguka chali mbele ya wakwe. Kwa wiki mbili akakataa nyumba tatu alizozishuku. Moja ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, ambaye mpaka leo hajui kwa nini alinyimwa huduma.

Dhana ya zindiko ilikufa jikoni kwa mapadri. Hellen, mpishi wao, alimwita akamsuke. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, Hellen akamwomba avue viatu, akavua, akaingia, na kabla hajafungua mfuko wa nywele alikuwa chini, akitazamana na picha ya Mama wa Huruma. Hilo ndilo lililokuwa anguko la kumi na moja.

Akiwa palepale sakafuni alikasirika kweli. "Na ya padri nayo imezindikwa?" alimuuliza Hellen, ambaye hakuelewa chochote, akamletea maji.

Hasira ilimsafisha kichwa. Akazipanga nyumba zote alizoanguka, akatafuta kinachofanana. Matajiri walikuwemo na maskini, mazulia yalikuwemo na saruji tupu. Kilichofanana kilikuwa pale mlangoni, kimekaa wazi kila siku, viatu vyake mwenyewe, vile vyeusi vya mradi. Hakuna nyumba ya heshima Mwanza utakayoingia na viatu. Akaviokota, akavitazama kwa ubavu. Kisigino kilikuwa kirefu kuliko mbele kwa upana wa vidole viwili hivi. Mguu ulikuwa umepimwa ukiwa ndani ya kiatu. Ukikivua kiatu, kisigino kinashuka, wayo wa bandia haujui kujikunja kama wayo wa nyama, basi mguu mzima unalala nyuma na wewe juu yake. Siyo uchawi wala pombe. Watu wote wale, na mashine zao, na hakuna aliyewahi kumwona akiingia ndani ya nyumba.

Ngosha fundi viatu, anayekaa kona ya barabara pale Mabatini akishona katambuga, vile viatu vya matairi, alimchongea kipande cha tairi kilichonenepa nyuma na kukonda mbele. Alikipiga msasa, akakitia mkanda wa kuvutika. Walikijaribu mara tano, wakipunguza kidogokidogo, mpaka Teodora akasimama peku kwenye kipande cha boksi bila kuyumba. Kilikuwa cha ndani tu. Nje alikifunga kwenye kitambaa, akakitia kwenye mkoba pamoja na vitana. Mlangoni alivua viatu, akafunga kisigino, akavuta soksi juu yake, akaingia. Jumamosi hiyohiyo alimsuka Precious, mteja wake wa siku nyingi, rasta nyembamba za kumaliza mchana mzima. Alisimama saa sita.

Wiki sita zikapita bila anguko. Elias alimpokea hospitalini kwa tabasamu la ushindi.

"Mama, mafunzo yamefanya kazi. Wataalamu wamefurahi sana. Nikibonyeza hapa tu, mguu unakuwa wako moja kwa moja."

Mafunzo. Teodora alitamani kumpiga kwa mkoba. Lakini ndani ya mkoba kulikuwa na kitu kilichovunja kanuni ya kwanza, na kidole cha Elias kilikuwa juu ya kioo. Akajiambia anyamaze, mguu uwe wake, habari iishe.

Kwenye benchi la pembeni alikuwepo mzee mmoja, plasta kwenye paji la uso, akifungua taratibu mikanda ya mguu wa bandia kama wa Teodora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Aliitwa Luhende, mkulima wa mpunga kutoka Magu. "Mimi narudisha. Nimefikisha kumi na mbili. Wanasema siuwezi."

"Unaangukia wapi?"

"Kwangu, ndani. Shambani nakwenda, njiani nakwenda. Nikifika mlangoni navua viatu, basi, yananikuta."

Teodora aliwakasirikia watu wa mradi, kisha akajikasirikia mwenyewe, maana wiki sita alikuwa anajua, na mzee huyu amepasuka paji. Akaogopa pia. Aliyakumbuka magongo, aliukumbuka mchele wa Rose.

"Elias, usibonyeze," alisema. "Vua viatu."

"Mama?"

"Vua viatu, mwanangu."

Kulikuwa na daftari kubwa la wagonjwa, la enzi za kabla ya kompyuta, ambalo sasa kazi yake ilikuwa kuzuia mlango. Teodora alilivuta katikati ya chumba. "Weka sehemu ya mbele ya nyayo juu ya daftari. Visigino vibaki chini. Usikunje magoti. Sasa inua mikono, unasuka."

Elias alisimama hivyo akicheka. Baada ya muda hakucheka. Magoti yalirudi nyuma, kiuno kikatafuta pa kwenda, akayumba, akadaka pazia, pazia likatoka na fimbo yake.

"Dakika moja haijaisha," alisema Teodora. "Mimi nasimama saa sita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Akafungua kitambaa, akampa mzee Luhende kile kisigino, akamfunga mkanda yeye mwenyewe. Mzee alisimama peku. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, akasimama katikati ya chumba bila kushika kitu, akiangalia miguu yake. "Wabeja, mayu," alimshukuru kwa Kisukuma, kisha akaenda tena mlangoni bila kuambiwa.

Elias alitazama tairi, akamtazama Teodora. "Umeongeza kitu kwenye mguu."

"Nimeongeza."

"Itabidi niandike."

"Andika."

Alijaribu. Fomu iliuliza kama mgonjwa anavaa viatu, ndiyo au hapana, na haikuwa na mahali pa mtu anayevivaa nje na kuvivua mlangoni. Elias alibonyeza ndiyo, akabonyeza hapana, mashine ikamkatalia. Mwishowe akaiacha fomu, akampiga mzee Luhende picha za video akitembea, akapiga picha ya tairi, akaandika barua ndefu. Alipouliza jina la mbunifu, Teodora alisema aandike majina mawili, la Ngosha fundi viatu na lake. Yeye na mzee Luhende waliambiwa wakae na miguu yao wakisubiri jibu.

Jibu lilichukua siku tisa. Kwa siku hizo Teodora hakulala vizuri, na kila simu ilipoita alishika goti.

Elias alimsomea mwenyewe kwa simu, wakati Teodora akiwa njiani kwenda kwa Precious. Miguu ibaki kwa wenyewe. Kanuni ya kuanguka mara kumi na mbili imesimamishwa. Kila aliye kwenye mradi atachapiwa kisigino cha ndani kwa vipimo vya kile cha Mabatini.

"Ila wana swali moja, mama. Wanauliza, kwa nini mnavua viatu mkiingia ndani?"

Teodora alisimama katikati ya njia. Mara kumi na moja alikuwa ameanguka, pombe wakamuuliza mara nne, na sasa, baada ya yote, ndipo walipokumbuka kuuliza.

"Waambie sakafu imepigwa deki," alisema, akakata simu.

Kufika kwa Precious alivua viatu, akavipanga vizuri kando ya vile vya wenzake. Akafunga kisigino kipya alichochongewa na Ngosha, akavuta soksi, akapiga hodi, akaingia.