Magitaa ya Roki na Korali ya Mama Neema

Leo nilipiga roki nzito kwenye ndoa hapa mujini Baraka, na bamama wa korali ndiyo baliniokoa.

Munanijua mi DJ wenu: roki ndiyo ugonjwa wangu.

Juzi nilienda kusikiliza mazoezi ya korali. Nikakuta wimbo wao na roki moja ninayoipenda viko na mwendo moja. Sauti pia, moja: pale korali inaanzia, magitaa nayo yanaanzia palepale! Nikasema: wakifika mwisho, naingiza magitaa ya roki hiyo polepole, hakuna mutu atasikia nimeunganisha wapi.

Weee!

Leo Mama Neema, mwenye kuanzisha nyimbo, alikuwa na furaha ya ndoa. Akaanza juu, juu sana kuliko kwenye mazoezi. Wakikaribia mwisho, mi nikafungua magitaa vile nilipanga, kwa sauti ile ya mazoezi.

Ilikuwa kama mbuzi wawili kwenye gunia moja. Baba ya bibi harusi akaziba masikio. Salle yote ya ndoa, wageni na wenyeji, ikanigeukia.

Nikapeleka mukono nizime.

“Usizime!” Mama Neema huyo.

Akanyamazisha korali. Akasikiliza magitaa, kichwa pembeni. Kisha akaanzisha tena wimbo, chini, palepale magitaa yalikuwa.

Korali ikamufuata.

Jamani! Hata wageni wa kutoka Bibokoboko, kule milimani, balisimama, mikono juu, banacheza roki!

Kisha Mama Neema akanikujia, jasho usoni.

“Mutoto wangu, siku ingine uniambie sauti ya magitaa mbele ya kuanza.”

“Sawa, mama.”

“Mazoezi ni Alhamisi. Kuja na magitaa yako, tunaimba nayo Jumapili kanisani.”

Sasa semeni: nani atamuambia pasta kama roki inaingia kanisani?