Kachori za Mvuje

Jirani yetu wa mlango kwa mlango, hapa Mji wa Kale, alikuwa bibi wa Kihindi ambaye wanawe walimwita Ba, yaani mama, na sisi tukamwita vivyo hivyo. Nilizaliwa nikamkuta. Alinifundisha kupika kachori, vitafunio vya chevda na chatini ya ukwaju, na katika miaka yote hiyo hakutia mdomoni hata chembe ya nilichopika. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za ujirani mwema.

Alianza kunifundisha mikono ilipoanza kumtetemeka, akawa hawezi tena kuwapikia watu. Somo lilikuwa mlangoni. Alileta kigoda chake akakiweka nje ya kizingiti, mimi niko jikoni. Hakuingia. Nyumba yetu inakula nyama, naye hali nyama, wala yai, wala kitunguu, wala thomu. Basi alionja kwa pua na masikio. Akisikia mafuta yanavyochemka alijua kama yamefika, na mimi nikabaki na karai langu kama mwanafunzi anayesubiri fimbo.

Mahali pa thomu alitaka nitie mvuje, kiasi cha punje ya mchele, umeyeyushwa kwa maji ya moto. Mara ya kwanza nilicheka. Mvuje kwetu ni dawa ya watoto: hufungwa kitambaani, mtoto akavishwa shingoni, ili kijicho na mashetani wakae mbali naye. Sikuwahi kuuona chunguni. Nikamwambia Ba kwamba kachori alizotuletea utotoni mwangu, na ambazo mpaka leo sijaonja tamu kama zile, hazikuwa na harufu hii. Akasema ilikuwamo siku zote, ni mimi nimesahau. Nikakubali, maana nani atabishana na mwenye kachori zake?

Mama, ninayeishi naye, hakuzigusa. Kila nikipika alisema ana kiungulia. Kiungulia chake kilikuwa na adabu ya ajabu, kilimjia kwa kachori tu, sambusa za nyama kikazipisha.

Mwaka jana mwanawe Ba alikuja kumchukua, aende akaishi naye Nairobi. Niliposikia, nikataka jambo moja: kabla hajaondoka, ale kitu cha mkono wangu. Nilinunua karai jipya, kisu kipya, chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa. Siku ile hakuna samaki aliyevuka mlango wa jiko. Nilichemsha viazi, nikaviponda na tangawizi, pilipili, kotmiri na ndimu, nikatia mvuje wake, nikaviringa, nikachovya kwenye unga wa dengu, nikazikaanga kachori. Nilizipanga katika sahani yake mwenyewe ya chuma, iliyokuwa imebaki kwetu. Kwetu ni aibu kurudisha sahani ya jirani tupu, na mama siku zote alimrudishia na sukari au matunda, vitu visivyopikwa. Mimi nilirudisha na chakula.

Ba aliipokea kwa mikono miwili. Akanusa, akatabasamu. "Nitakula na chai, beti," akasema, akiniita binti kwa lugha yake.

Asubuhi yake nilishuka na taka. Ndani ya pipa la chini ya ngazi palikuwa na bunda la gazeti lililofunguka, na kachori zangu zilikuwa humo, zote, hata moja haijaumwa. Nilisimama pale nikahisi nimetemewa mate. Si chakula kilichoniuma, ni lile tabasamu.

Nikapanda juu kwa kishindo nikamwambia mama kila kitu, nikitaraji atanitetea. Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Na sisi je," akasema, "zake twalizila lini?"

Sikumwelewa. Akaendelea kuchagua huku akisema, "Kila ijapo sahani yake yanuka mvuje. Nikasema, mtu hatii mvuje chakulani ila ana lake jambo. Na wewe kifua kilikuwa hakikuachi. Nalizitupa, nikakununulia kachori za yule muuza viazi vya karai wa mtaani, nikakwambia ni za Ba. Maana angekuuliza, nawe ungesema hukupewa."

Kwa hiyo utamu niliohangaika nao ukubwani, nikiutafuta jikoni chini ya macho ya Ba, ulikuwa wa muuza viazi. Kachori za Ba zilibebwa na lori la taka zikaishia jaani Kibarani, zote. Nilimuuliza mama kama mpaka leo anaamini ulikuwa uchawi. Akasema haamini, ameshajua ni kiungo, lakini moyo wake hauzipokei. Nadhani Ba naye angenijibu hivyo hivyo, kama ningethubutu kumuuliza. Nilichukia kwamba nawaelewa wote wawili. Kuelewa hakukunipunguzia kitu.

Alasiri ile, gari la kumpeleka Ba lilipokuwa likipakiwa, mwanawe Ba alibisha hodi. Alileta ile sahani, imefunikwa kitambaa, akasema mama yake amesisitiza ibaki kwetu. Ndani mlikuwa na kachori. Zilikuwa zimepindapinda, nyingine kubwa, nyingine ndogo, unga umeshika upande mmoja ukaacha mwingine, kazi ya mikono inayotetemeka. Harufu ya mvuje ikajaa sebuleni.

Nilitandika mkeka mbele ya mama nikaketi, nikala. Zilikuwa na ukali zaidi wa tangawizi kuliko zangu, na chumvi kidogo kuliko nilivyofundishwa. Hazikufanana na kitu chochote cha utotoni mwangu. Nilikula mpaka ya mwisho, sijui kwa mapenzi au kwa hasira. Mama aliweka ungo chini akawa ananitazama, anangoja nimwambie karibu, kama anavyoambiwa hata mgeni anayepita mlangoni.

Sikumkaribisha.